Ndani ya Mstari wa Chokaa

Kila mji una barabara ambayo wenyeji hawampitishi mgeni. Katika mji huu ni ile iendayo machinjioni. Si kwamba ni mbovu. Lami yake ni nzuri kuliko ya mbele ya benki, maana malori mazito hayapendi mashimo na wenye malori wanajua kupiga kelele mahali zinaposikika. Ila ina harufu, ina nzi, na ina foleni ya abiria wasiokata tiketi: ng'ombe, mbuzi na kondoo waliosimamishwa juu ya malori, jua linawawakia, wanangoja zamu yao ya mizani.

Kando ya barabara hiyo, karibu na lango, palikuwa na karakana ya mshona maturubai. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana kama ya mbeba magunia, vidole vimejaa makovu ya sindano. Watu walimwita Fundi, basi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki kabatini.

Kazi alirithi kwa baba yake. Kitambaa kizito cha pamba hakishonwi hivi hivi. Kwanza hulowekwa kwenye pipa la maji mpaka kinywe na kunywea, la sivyo mteja atakurudishia turubai lililopungua kwa mvua ya kwanza, na matusi juu. Uzi husuguliwa nta. Na likisha kushonwa, hujaribiwa: mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, mnavuta mkirudi nyuma kama wagomvi wawili, mpaka mishono ilie. Mishono ikilia bila kufunguka, turubai limepita. "Turubai halijaribiwi na mtu mmoja," baba alikuwa akisema, na watu wake wawili walikuwa wanawe: Fundi na mdogo wake wa kiume. Kanuni ya nyumbani ilikuwa anayeachia kwanza anakula mwisho. Mdogo mtu alikula mwisho utoto wake wote.

Sasa mdogo huyo alikuwa mlinzi wa lango la machinjio, karibu kiasi kwamba dada yake aliweza kumwona akipiga miayo. Madereva walimwita Kofuli. Hapakuwa na kitu kilichopita kwake bila kibali, hata nzi, walisema, walikuwa wakipanga mstari. Kila jioni, kabla ya kwenda kwa mkewe, alipitia karakanani kunywa chai na kumshikia dada yake ncha ya turubai.

Mambo yalianzia kwenye pipa. Kiangazi kimoja, mchana, lori lilisimama mbele ya karakana na ng'ombe mmoja akanusa maji. Alitoa kichwa kati ya mbao, ulimi nje, akalia. Fundi alikuwa amesikia ng'ombe wakilia miaka yote ile kama mtu anavyosikia saa ya ukutani. Lakini huyu alilia akimtazama. Fundi akachota ndoo, akapanda kwenye tairi, akaiinua. Ng'ombe alikunywa kwa pumzi moja, ndoo ikatetemeka mikononi mwake kama kitu chenye uhai. Alipoishusha, wengine wote walikuwa wamegeuka.

Tangu siku hiyo hakuweza kutogeuka.

"Dada," Kofuli alimwambia jioni moja, "hao unaowapa maji wamebakiza nusu saa. Unamwagilia shamba lililokwisha kuvunwa."

"Na wewe utakufa. Nisikupe chai?"

"Mimi nusu saa yangu ni ndefu kidogo."

"Nani kakwambia?"

Nyama aliacha bila kutangaza. Siku moja alisogeza kitoweo upande wa mdogo wake, na mdogo wake hakuuliza, maana hapakuwa na sababu ya kuichokoza baraka.

Halafu akaja Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa kweli wa shule ya sekondari, binti mwembamba, mwenye sauti ya kuwazidi wanafunzi wa safu ya nyuma, na alikuwa na wenzake waliojiita watetezi wa wanyama. Walimwona Fundi juu ya tairi, wakaona wamempata mama yao. Walimwagiza bango la kitambaa. Aliwashonea kwa pindo mara mbili ili upepo usiwaaibishe. Wakasimama mbele ya karakana na bango lao na nyimbo zao, na kwa kuwa maneno peke yake hayakati kiu, wakaleta ndoo zao pia, kisha mpira wa maji mrefu.

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe lisingeweza kufanyika mahali pengine ila mlangoni mwa machinjio. Mnyama hununuliwa kwa uzito, akiwa hai. Aliyekunywa maji ana uzito zaidi kuliko mwenye kiu. Watetezi walikuwa wakitazama macho ya ng'ombe. Wachuuzi wa mifugo walikuwa wakitazama mshale wa mizani. Haukupita muda, malori yaliyokuwa yakisimama popote yakaanza kugombea kusimama mbele ya karakana. Mchuuzi mmoja mwenye kitambi aliteremka akawashika mikono mmoja mmoja. "Mungu awazidishie, wanangu," alisema. "Msichoke." Kesho yake akawaletea kreti mbili za soda baridi, na watetezi wakanywa wakidhani dunia imeanza kubadilika.

Fundi ndiye aliyeiweka chupa chini kwanza. "Huyu tangu lini anapenda ng'ombe?" aliuliza. Lakini wenye machinjio walikuwa wameshajiuliza na kujijibu. Walisema wanaibiwa kwa maji, na kwamba wale vijana wenye bango ni vibarua wa wachuuzi. Mwalimu alipolisikia hilo alilia, si kwa uongo wa maneno yale, bali kwa kuwa soda alikuwa amekunywa.

Ikatungwa sheria. Ilisemekana ni ya kulinda mizani na usafi wa chakula, na nani angepinga mizani? Lakini sheria ni kama mgeni wa usiku mmoja: ukishamfungulia mlango unaona anashusha masanduku. Ndani ya masanduku mlikuwa na marufuku ya mabango, marufuku ya nyimbo, marufuku ya kupiga picha malori, marufuku ya kumpa mnyama maji au chakula karibu na lango. Na chini kabisa, kwa herufi zilezile: watu wawili au zaidi wenye nia moja, wakikutwa ndani ya eneo hilo, ni mkusanyiko haramu. Vibarua wakaja na ndoo ya chokaa wakachora mstari mweupe kukata barabara. Karakana ikaangukia ndani. Fundi alilala kwake, akaamkia kwenye eneo maalumu.

Madereva wakapata la kucheka. "Fundi," mmoja alimpigia kelele kutoka dirishani, "tukisalimiana hapa tuna nia moja au mbili?"

"Nia yako naijua tangu mwaka juzi, na bado uko nayo peke yako!"

Watetezi wakasukumwa nje ya mstari, kwenye kiwanja kitupu, ambako waliimba wakasikilizwa na mbwa wawili. Wengine walipojaribu kuvuka walipakiwa kwenye gari la polisi, na kesi zao zikawa zinaahirishwa na kuahirishwa. Fundi naye aliacha. Alikuwa na karakana, na wateja wake walikuwa madereva walewale. Alijiambia amepumzika tu. Alishona akiwa amegeuzia barabara mgongo, jambo ambalo hata baba yake hakuwahi kumfundisha, maana mwanga ulitokea barabarani.

Basi likaja lori kutoka mbali, limevunjika ekseli njiani, wanyama wamesimama jua la siku mbili. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala chini ya miguu ya wenzake na kichwa chake kilining'inia nje. Hakulia. Labda kama angelia, Fundi angevumilia.

Alichukua ndoo.

Kutoka ofisini msimamizi wa machinjio aliona mgongo wa mwanamke na gauni. "Nani yule?" alimuuliza Kofuli, ambaye alikuwa langoni, hatua chache tu kutoka kwenye lori.

"Jua, bosi. Linanipiga machoni."

"Usijali. Mahakamani hakuna jua."

Hivyo ndivyo Kofuli alivyoandikishwa shahidi, na shahidi wa pekee, wa kesi ya dada yake.

Fundi alikamatwa, akapewa dhamana siku ileile, na siku ya pili Mwalimu alifika na wakili aliyekuwa tayari kujitolea. Walikaa juu ya marobota ya turubai, wakazungumza kwa furaha ambayo waliona haya kuionyesha. Kesi hii, walimweleza, haikuwa kama nyingine. Wenzao walikamatwa wakivuka mstari. Yeye hakuvuka chochote, mstari ndio uliomvuka. Alikuwa mlangoni kwake, na maji ya kwake. Akikana shtaka na kesi ikasikilizwa mpaka mwisho, wakili angeweza kuipandisha sheria yenyewe kizimbani.

"Ukishinda wewe, wanashinda wote," Mwalimu alisema. "Kesi yako ni mlango, Fundi."

"Na huyo shahidi?"

Wakili alikohoa. "Shahidi ataulizwa maswali, ajibu. Ni kawaida."

Jioni ya kuamkia kesi Kofuli alikuja, lakini baiskeli hakuiegemeza mahali pake. Aliishikilia, kama mtu aliyesimama kuuliza njia. Chai aliwekewa, ikapoa.

"Kaa basi, au kiti nacho kimewekwa chokaa?"

Akakaa. "Wataniuliza niliona nini."

"Uliona nini?"

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Nauliza tu. Nijizoeze."

"Nikisema sikuona, msimamizi ananitoa kazini, na wale wa mahakama wananishtaki kwa uongo. Nikisema niliona..." Aliizungusha kofia yake ya kazi magotini. "Nikisema niliona, mimi ndiye nitakayekuwa nimekufunga. Nitakuja kukuangalia jela na nini mkononi? Chungwa?"

"Mkeo anasemaje?"

"Anasema ng'ombe hashindwi na nundu yake."

"Sasa hapo nundu ni nani, mimi au wewe?"

"Sikumuuliza. Niliogopa jibu."

Walicheka, wote wawili, cheko la kupumulia, kisha likawaishia kwa pamoja. Nje lori lilizima injini. Kofuli alisema, bila kumtazama, "Kwa nini usingehama tu, Dada? Maturubai yanashonwa popote."

"Ningehama masikio pia?"

Kofuli aliondoka bila kushika ncha ya turubai lililokuwa likimngoja mezani, na dada yake hakumwomba.

Mahakama ilikuwa chumba chenye feni moja iliyozunguka kwa masimango. Mwalimu na wenzake walijaza benchi la nyuma. Msimamizi alikaa mbele. Fundi alikana shtaka kama alivyofundishwa, kwa sauti iliyomshangaza yeye mwenyewe kwa kuwa kavu. Kisha karani akamwita shahidi.

Kofuli alipanda akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Aliapa. Akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, vidole gumba juu, vingine chini, na Fundi akautambua mshiko ule. Ndivyo baba alivyowafundisha kushika pindo: gumba juu, lisikuponyoke. Mtoto yule wa zamani alikuwa anavutwa tena, na safari hii aliyekuwa akivuta ncha ya pili alikuwa dada yake mwenyewe, mbele za watu, mpaka mishono ilie.

"Siku ya tukio," mwendesha mashtaka alianza, "ulikuwa wapi?"

"Langoni."

"Na ulimwona nani karibu na lori?"

Kofuli alifungua kinywa. Feni ilizunguka.

"Mheshimiwa." Fundi alikuwa amesimama. "Huyo asiulizwe. Maji niliyatoa mimi."

Wakili alimvuta gauni. Hakimu, mzee mwenye miwani ya kamba, aliinua kichwa. "Unabadilisha jibu lako?"

"Nabadilisha."

"Unaelewa maana yake?"

"Maana yake huyo anashuka pale."

Watu walicheka, hakimu akagonga meza, lakini polepole. Hakumfunga. Alimpa onyo la mwaka mzima: asitoe maji wala chakula kwa mnyama yeyote ndani ya eneo, asishiriki mkusanyiko wowote humo. Akirudia, ni jela, na hapo hataulizwa anabadilisha nini.

Nje, Mwalimu alimngoja chini ya ngazi. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu angepiga.

"Tulikuwa na mlango," alisema. "Umeufunga kwa mkono wako."

"Najua."

"Wenzetu wana kesi zinazongoja. Walikuwa wanaingojea hii."

"Najua, mwanangu."

"Basi kwa nini?"

"Ulitaka nimtie mdogo wangu kwenye mizani?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Na mimi nina kaka," alisema mwishowe, na akaenda zake. Neno lile halikuwa msamaha, na Fundi hakulichukua kama msamaha. Alilibeba mpaka nyumbani, na kwa wiki nyingi alilala nalo. Sheria ilikuwa imepata kesi moja zaidi iliyokubaliwa bila ubishi, na jina lililokaa kabatini sasa lilikuwa limeandikwa pia mahali pengine. Kuna watu huichagua haki wakaikosa familia, na kuna walioichagua familia. Waliozunguka dunia wamewaona wa aina zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kunenepa.

Kiangazi kikawa kikali. Fundi alilifunikia pipa lake mfuniko wa mbao ili wanyama wasinuse, akagundua kuwa mfuniko ulikuwa wa kumzuia yeye. Ndipo akaanza kushona kitu kisicho na mteja. Alitumia mabaki: kipande cha bluu cha lori la mchanga, cha kijani cha hema, cha kijivu, cha rangi isiyojulikana tena. Kilikua mpaka kikajaa karakana, na cherehani ikawa kama inaogelea ndani yake. Madereva waliuliza ni gari gani hilo lenye mwili mkubwa namna ile. Aliwaambia ni ndege.

Kofuli alirudi kunywa chai, ila alikuwa na adabu mpya isiyopendeza, kama ya mtu aliyepewa kitu ambacho hawezi kukilipa. Hakuuliza kuhusu turubai.

Aliyeuliza ni Mwalimu. Alipita siku moja, peke yake, akaligusa. "Hili ni la nini?"

"Kivuli. Kutoka paa langu mpaka ng'ambo ya barabara. Hakimu alisema maji na chakula."

"Kivuli." Mwalimu alitikisa kichwa. "Fundi, watakushukuru. Wenye machinjio watalipenda. Wanyama wao wanakwenda kufa wamestarehe, na watu wakipita wanaona kila kitu kiko sawa."

"Huenda."

"Hilo halikuumizi?"

"Linaniuma." Fundi alikata uzi kwa meno. "Wewe pigana wasiletwe. Usiache. Mimi nipo hapa wanapopita, na wanapita leo."

Mwalimu alikaa kidogo, akamsaidia kusugua uzi na nta, wakatofautiana bila kununiana. Alipoondoka aliangalia mstari wa chokaa kabla ya kuuruka, kama mtu anavyoangalia nyoka aliyelala.

Siku ya kulitundika, Fundi alikuwa amesimamisha nguzo mbili za bomba la chuma ng'ambo ya barabara, zimekazwa kwa saruji ndani ya madebe makubwa. Upande wa paa aliufunga mwenyewe tangu asubuhi. Ukabaki upande wa nguzo, na hapo ndipo alipokutana na neno la baba yake kuhusu mtu mmoja. Alipanda ngazi, akavuta kamba, upepo ukaingia chini ya turubai na kulijaza tumbo; alipoikaza nguzo hii, ile ikalegea. Alishuka, akahama, akapanda. Likamponyoka. Foleni ilikuwa ndefu. Madereva walikaa ndani ya malori yao wakitazama mbele kwa bidii. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Kila mtu katika barabara ile alikuwa amejifunza hesabu ya sheria: mmoja ni fundi, wawili ni kesi.

Akapanda kwa mara nyingine. Kamba ilikuwa imeanza kumchuna viganja.

"Dada. Shuka hapo."

Alikuwa Kofuli, na sare yake na kofia yake. Lango nyuma yake lilikuwa limefungwa. Fundi alifikiri ametumwa.

"Umeambiwa unizuie?"

"Shuka. Ukianguka wataniandikisha shahidi tena."

Alishuka. Mdogo wake hakumwelekeza karakanani. Alimpita, akaenda nguzo ya pili, akaiokota kamba iliyokuwa ikiburuzika vumbini.

"Iache hiyo," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Tukiwa wawili..."

"Najua kuhesabu."

"Na kazi?"

"Siku ile ulinishusha mbele ya watu wote. Nimekaa na hilo, halikaliki." Alijizungushia kamba kiganjani, gumba juu. "Vuta, Dada. Anayeachia kwanza anakula mwisho."

Wakavuta. Upepo ulipigana nao kidogo, kisha tumbo la turubai likaanza kunyooka, bluu na kijani na kijivu, na mishono, ile mirefu aliyoishona peke yake, ikalia yote kwa pamoja bila kufunguka. Kivuli kilianguka juu ya lori la kwanza, kikasogea, kikalifunika la pili mpaka nusu. Ng'ombe waliokuwa chini yake waliinua vichwa.

Kule langoni, mlango mdogo ulifunguliwa. Msimamizi alitoka nje, akasimama, mkono ameuweka juu ya nyusi kujikinga jua, akiwatazama.

"Anatuona," Fundi alisema.

"Anatuona vizuri," Kofuli alisema. "Kaza."